Mpangilio wa Mwongozo wa Matengenezo ya Magari kwa Rejea ya Haraka: Uhakiki kwa Kuzingatia Mafundi wa Mbinga na Mwambao wa Ziwa Nyasa

Ikisiri

Makala haya yanahakiki namna mwongozo wa matengenezo ya magari unavyopangwa ili fundi apate jibu kwa haraka. Matini kuu ya uhakiki ni mwongozo wa kiwandani, toleo la Kiingereza, wa Toyota Land Cruiser za mkondo wa 70 zenye injini ya dizeli ya 1HZ. Inadaiwa kwamba mwongozo huo umepangwa kwa kufuata maungo ya gari, ilhali fundi anayeufungua akiwa kazini ana dalili tu, hajajua bado ni ungo gani umeharibika. Inadaiwa pia kwamba kwa mtumiaji wa Kiswahili pengo hilo haliwezi kuzibwa kwa tafsiri peke yake. Vichwa vya mwongozo ni nomino, lakini dalili katika Kiswahili husemwa kwa kitenzi, mara nyingi kitenzi kikanushi. Makala yanapendekeza faharasa ya dalili inayojengwa juu ya mzizi wa kitenzi, na yanaonesha mipaka ya pendekezo hilo.

1.0 Utangulizi

Matini za kiufundi katika Kiswahili zimejadiliwa zaidi na wanaistilahi. Swali lao la msingi ni kitu gani kiitwe nini. Kiongozi cha Uundaji wa Istilahi za Kiswahili cha Tumbo-Masabo na Mwansoko (1992) kilitoa kanuni za kulijibu swali hilo, na kabla yake Ohly (1987) alikwisha kutoa kamusi ya msingi ya ufundi ya Kiingereza na Kiswahili. Swali linalofuata, yaani neno lililokwisha kuundwa liwekwe wapi ndani ya kitabu ili mwenye haja nalo alifikie upesi, halikupewa uzito ule ule. Hata hivyo, kwa msomaji wa mwongozo wa matengenezo swali hili la pili ndilo linalotangulia. Neno lililo sahihi lakini lisiloonekana kwa wakati halimsaidii mtu aliyelala chini ya gari.

Makala haya yanauchukulia mpangilio wa mwongozo kuwa sehemu ya maana ya matini, kama vile mpangilio wa visa ulivyo sehemu ya maana ya riwaya. Mpangilio hubainisha mwandishi amemdhania msomaji wake kuwa ni nani, anajua nini na yuko wapi. Dhana hiyo ndiyo inayohakikiwa.

2.0 Eneo na Mtumiaji

Wilaya ya Mbinga na Wilaya ya Nyasa, iliyomegwa kutoka Mbinga mwaka 2012, zinafaa kwa uhakiki huu kutokana na umbile la nchi. Upande wa juu ipo milima ya Umatengo, inayofikia takribani mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, ambako kahawa hulimwa na kusafirishwa kwa magari na pikipiki. Upande wa chini lipo Ziwa Nyasa, ambalo uso wake uko kwenye mita 475 hivi. Barabara ya kutoka Mbinga hadi Mbamba Bay, yenye urefu wa kilometa zipatazo 67 na ambayo sasa ni ya lami, inaunganisha hali hizo mbili ndani ya safari moja. Gari linalopanda kutoka ziwani likiwa na mzigo hulemewa kwenye injini, klachi na mfumo wa kupooza. Gari linaloshuka hulemewa kwenye breki. Mgonjwa anayepelekwa kutoka Liuli kwenda Mbinga au Peramiho hupita katika mazingira hayo hayo.

Suala la kutengeneza chombo mbali na kiwanda si geni katika mwambao huu. Agosti 1914, meli ya Wajerumani Hermann von Wissmann ilishambuliwa na meli ya Waingereza Gwendolen pale Liuli, wakati huo ikiitwa Sphinxhafen, ikiwa imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo. Kwa mwambao huu, chombo kilichoharibika hutegemea ujuzi na vifaa vilivyopo papo hapo, kwa kuwa karakana kubwa ziko mbali.

Mtumiaji anayezingatiwa ni wa aina mbili. Wa kwanza ni fundi aliyepitia chuo, kwa mfano vyuo vya VETA, mamlaka iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1994. Wa pili ni fundi aliyejifunzia gereji, chini ya fundi mkubwa, kwa kuona na kushika. Wote wawili hufanya kazi kwa Kiswahili, hata pale ambapo nyumbani huzungumza Kimatengo, Kimpoto au Kinyasa. Tofauti yao ni kwamba wa kwanza huenda anayajua majina ya mifumo ya gari kwa Kiingereza, na wa pili huijua mifumo yenyewe bila majina hayo.

3.0 Msingi wa Kinadharia

Uhakiki unaongozwa na nadharia ya Skopos, iliyoasisiwa na Hans Vermeer mwaka 1978 na kuendelezwa na Reiss na Vermeer (1984). Nadharia hii inashikilia kwamba ubora wa matini lengwa hupimwa kwa kuangalia kama inatimiza lengo lake kwa hadhira lengwa, wala si kwa kulinganisha umbo lake na umbo la matini chanzi. Katika tafsiri za kiufundi, nadharia hii hutumiwa zaidi kutetea uchaguzi wa maneno. Hapa inapanuliwa hadi kwenye mpangilio: iwapo lengo la mwongozo ni rejea ya haraka, mfasiri anayehifadhi mpangilio wa matini chanzi neno kwa neno na sura kwa sura anaweza kuwa mwaminifu kwa matini na wakati huo huo akalisaliti lengo lake.

Nadharia hiyo inaongezewa dhana mbili za leksikografia, yaani kidahizo na marejeleo mtambuka, kwa sababu mwongozo unaposomwa kwa haraka hutumiwa kama kamusi. Msomaji hauanzi mwanzo. Anaingia, anachukua anachokitaka na kutoka.

4.0 Uhakiki wa Matini Kuu

4.1 Mpangilio wa maungo

Mwongozo wa Land Cruiser unagawanywa katika juzuu. Juzuu moja linahusu injini, na jingine linahusu chasi na bodi. Ndani ya kila juzuu kuna sehemu zinazotambulishwa kwa herufi mbili: EM kwa injini, FU kwa mafuta, CO kwa upoozaji, LU kwa ulainishaji, CL kwa klachi, BR kwa breki, na kadhalika. Kurasa huhesabiwa upya katika kila sehemu, na orodha ya yaliyomo huwekwa katika ukurasa wa kwanza wa sehemu hiyo. Kila hatua ya kazi huambatana na mchoro wake.

Ubora wa mpangilio huu hauna budi kukiriwa. Fundi anayejua kwamba anataka kufungua pampu ya maji huufikia ukurasa wake bila kupotea. Kuhesabu kurasa kwa sehemu humwezesha mchapishaji kubadili sehemu moja bila kuvuruga nyingine. Mchoro ulio kando ya hatua humwokoa msomaji asiyeimudu vizuri lugha ya maelezo. Kwa kazi iliyokwisha kujulikana, mpangilio huu ni mwepesi.

Udhaifu huonekana pale kazi inapokuwa haijajulikana. Chukua lalamiko ambalo dereva anayepanda kutoka Mbamba Bay anaweza kulifikisha gereji: gari halivuti. Sababu zake za kawaida ni angalau tano: chujio la hewa lililoziba, chujio la dizeli lililoziba, pampu ya nozeli isiyopiga kwa wakati wake, klachi inayoteleza, na breki zinazokwama. Tatu za mwanzo zimo katika juzuu la injini, mbili za mwisho katika juzuu la chasi. Kabla ya kufungua kitabu, fundi anatakiwa awe amekwisha kuamua ni kitabu gani. Na kuamua hivyo ni kuwa tayari amegundua nusu ya ugonjwa. Mwongozo unamdai msomaji jibu ndipo umwoneshe mahali pa kulitafuta.

Herufi mbili za utambulisho zinaongeza ugumu mwingine. Zimefupishwa kutokana na maneno ya Kiingereza. Kwa anayeyajua maneno hayo, herufi humkumbusha. Kwa fundi wa pili aliyetajwa hapo juu, ni alama za kukariri tu. Tafsiri inayobadilisha maelezo yote kuwa Kiswahili na kuziacha herufi hizo kama zilivyo itakuwa imekitafsiri chumba na kuuacha mlango.

4.2 Majedwali ya dalili na mahali yalipowekwa

Haitakuwa haki kusema kwamba watunzi wa mwongozo walizisahau dalili. Yapo majedwali yanayotaja tatizo, sababu inayoweza kulileta, tiba yake na ukurasa wa kwenda. Jedwali la namna hiyo ndilo chombo hasa cha rejea ya haraka. Kasoro ni mahali lilipo. Jedwali la matatizo ya klachi limo ndani ya sehemu ya klachi, na la breki limo ndani ya sehemu ya breki. Anayelifikia ni yule aliyekwisha kuishuku klachi au breki. Dalili inayovuka mipaka ya mifumo, kama ile ya gari lisilovuta, hukatwa vipande na kugawiwa majedwali yasiyokutana.

Kasoro ya pili ni utaratibu wa sababu. Kwa rejea ya haraka, sababu hazina budi kupangwa kwa gharama ya kuzithibitisha. Kuhusu gari lisilovuta, kipimo cha kwanza hakihitaji hata spana: ikiwa injini inapandisha mizunguko lakini mwendo hauongezeki, klachi inashukiwa, ikiwa ringi moja ina joto kuliko nyingine baada ya mwendo mfupi, breki ya tairi hilo inashukiwa, ikiwa kuna moshi mweusi mzito, hewa haitoshi. Kufungua chujio hufuata, na kugusa pampu ya nozeli huja mwisho. Jedwali linalotaja sababu hizi bila ngazi humfanya fundi asiye na uzoefu aanze na kazi kubwa, na mwenye gari alipe gharama ya kazi hiyo.

4.3 Tahadhari mahali pasiposomwa

Hoja nzito zaidi inahusu usalama. Mwongozo unaweka baadhi ya tahadhari ndani ya hatua za kazi, lakini zile za jumla zimekusanywa katika utangulizi na mwanzoni mwa sehemu. Utaratibu huo unamdhania msomaji anayeanza mwanzo. Msomaji wa haraka, ambaye mwongozo unadai kumhudumia, ndiye hasa anayeuruka utangulizi. Kwa hiyo kadiri mwongozo unavyofanikiwa kumfikisha mtu upesi kwenye hatua, ndivyo unavyompitisha mbali na onyo.

Mfano ulio wazi ni injini iliyochemka. Mfumo wa kupooza hufungwa kwa mfuniko wenye shinikizo ili maji yasichemke mapema. Jambo hili lina uzito wa pekee milimani: kwa kila mita 300 hivi za mwinuko, maji yasiyo na shinikizo huchemka kwa pungufu ya takribani nyuzi 1 ya Selsiasi. Mfuniko uliochoka ambao haukuleta shida ziwani unaweza kuidhihirisha shida hiyo Umatengo. Kwa hiyo mfuniko ni miongoni mwa vitu vya kwanza kuchunguzwa, na ndio huo huo ambao ukifunguliwa injini ikiwa moto hurusha maji na mvuke vinavyounguza uso na mikono. Kitomeo kinachomwelekeza fundi kwenye mfuniko kinapaswa kubeba onyo ndani yake, kabla ya neno la kuufungua. Onyo lililoko kurasa kadhaa nyuma ni sawa na lisilokuwapo.

5.0 Lugha ya Faharasa

5.1 Dalili kama kitenzi

Iwapo inakubaliwa kwamba mwongozo unahitaji mlango wa dalili, linafuata swali la lugha ambalo matini ya Kiingereza haiwezi kulijibu. Vichwa vya majedwali yake huweza kugeuzwa kuwa nomino za Kiswahili kama "ukosefu wa nguvu" au "ongezeko la joto la injini". Ni Kiswahili fasaha, lakini hakuna dereva anayeingia gereji na maneno hayo. Husemwa: haiwaki, halivuti, inachemsha, inagonga, inamisi, hazishiki, inazama. Dalili zote hizo ni vitenzi.

Vitenzi hivyo vikipangwa kwa umbo lake la mazungumzo, faharasa itavurugika. Haiwaki, haliwaki na haziwaki ni dalili ya kitenzi kimoja, lakini kiambishi cha ngeli huzitenganisha. Na kwa kuwa dalili nyingi ni za kukanusha, sehemu kubwa ya faharasa itajazana chini ya herufi H. Zikiandikwa katika kitenzi-jina, zitajazana chini ya K. Njia iliyokwisha kuthibitika ni ile ya Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya TUKI (1981), inayoorodhesha kitenzi bila kiambishi cha ku-. Kwa utaratibu huo, dalili zote tatu hupatikana chini ya waka.

Hata hivyo mzizi peke yake hautoshi. Injini haiwaki na taa haiwaki ni matatizo tofauti. Gari halivuti ni upungufu wa nguvu, ilhali gari linavuta upande ni tatizo la breki, tairi au usukani. Hapa ukanushi ndio unaotenganisha ugonjwa mmoja na mwingine, na faharasa inayoudondosha itawachanganya wasomaji. Kidahizo kinatakiwa kiwe na ngazi mbili: mzizi wa kitenzi, kisha kitu kinachohusika pamoja na umbo la kukubali au kukanusha.

Ipo ngazi ya tatu ambayo mazingira ya Mbinga na Nyasa yanaidai, nayo ni hali ambamo dalili hutokea. Katika mteremko mrefu, breki hupata joto kali. Mafuta ya breki yaliyokaa muda mrefu hufyonza unyevu, na yakifikia joto hilo hutoa mvuke. Mvuke hubanika, na pedali huzama. Gari likifika ufukweni na kupoa, pedali hurudi kuwa ngumu. Fundi anayelikagua Mbamba Bay haoni kasoro. Mwongozo unaoandika tu kwamba pedali inazama utampeleka atafute mahali panapovuja. Asipopaona, anaweza kuliruhusu gari. Kitomeo kinachoandika kwamba pedali ya breki inazama likishuka mlima mrefu na kurudi likipoa, kinampeleka moja kwa moja kwenye kubadili mafuta ya breki na kukagua kama breki zinakwama. Maneno machache yanayotaja hali ndiyo yanayotofautisha gari lililotengenezwa na gari litakaloshuka tena na ugonjwa wake.

5.2 Neno la kamusi na neno la gereji

Kamusi ya Ohly ni mchango ambao mwandishi yeyote wa matini za ufundi hawezi kuupuuza. Lakini mwelekeo wake ni kutoka Kiingereza kwenda Kiswahili. Inamfaa mfasiri aliyeketi na matini chanzi mbele yake. Haimfai fundi ambaye neno la Kiingereza ndilo hasa asilolijua. Kwa mtazamo wa Skopos, hii si kasoro ya kamusi hiyo, kwa kuwa lengo lake lilikuwa jingine. Kasoro ni ya mwongozo utakaoichukua orodha yake na kuifanya mlango wa kuingilia.

Gereji ina maneno yake: rejeta, shokamzoba, difu, stelingi, nozeli, gia boksi. Kitenzi chemsha hutumika pale ambapo sarufi sanifu ingetarajia chemka. Baadhi ya wahakiki wanaweza kuona kwamba kuyaingiza maneno hayo katika kitabu ni kukubali lugha isiyosanifiwa. Makala haya yanatofautisha mlango na chumba. Katika maelezo ya kazi, istilahi iwe moja na isibadilike, kwa kuwa kitu kimoja kikiitwa majina mawili ndani ya hatua kumi kinaweza kuvunjwa kitu kisichokusudiwa. Katika faharasa, majina yawe mengi kadiri yanavyotumika, kila moja likielekeza kwenye istilahi iliyochaguliwa. Anayetafuta chemsha aelekezwe kwenye chemka. Anayetafuta rejeta asiambiwe kwamba amekosea, bali aoneshwe ukurasa.

Hoja hii haiondolewi na matumizi ya simu. Utafutaji wa neno katika faili hufuata herufi: anayeandika chemsha hatapata chemka, na anayeandika haivuti hatapata halivuti.

6.0 Vielelezo vya Kulinganisha

Kitabu cha Mahali Pasipo na Daktari, tafsiri ya kazi ya David Werner, kinafaa kulinganishwa kwa sababu kiliandikiwa mtu aliye mbali na mtaalamu. Toleo la Kiingereza la kitabu hicho hutenga kurasa kwa rangi: kurasa za kijani ni za dawa na vipimo vyake, na za manjano ni za faharasa. Msomaji huuona mlango kabla ya kusoma neno. Zaidi ya hilo, kitabu kimetenga sehemu ya kulinganisha magonjwa yanayofanana dalili, jambo ambalo mwongozo wa Land Cruiser haulipi nafasi ya mbele.

Kielelezo cha pili ni How to Keep Your Volkswagen Alive cha John Muir (1969), kilichoandikiwa mwenye gari asiye fundi. Muir aliwaza hata jalada: kitabu kilifungwa kwa waya wa kuzunguka ili kikiwekwa kando ya injini kibaki wazi. Hilo ni jambo la mpangilio pia, kwa kuwa mikono yenye oili haiwezi kushikilia ukurasa. Udhaifu wake kwa lengo la makala haya ni maelezo marefu ya kimazungumzo, yanayomfurahisha msomaji wa mara ya kwanza na kumchelewesha wa mara ya kumi.

7.0 Pendekezo na Mipaka Yake

Kutokana na uhakiki huu, mwongozo wa Kiswahili unaolenga rejea ya haraka unapendekezwa uwe na milango mitatu. Wa kwanza ni faharasa ya dalili, iwekwe mwanzoni mwa kitabu, iwe moja kwa juzuu zote, na ipangwe kwa mzizi wa kitenzi, kitu na hali. Wa pili ni orodha ya maungo, yenye majina ya gereji na istilahi sanifu kwa pamoja. Wa tatu ni kurasa za vipimo peke yake: kiasi cha oili, nafasi za vali, nguvu ya kukaza boliti. Fundi mzoefu mara nyingi hahitaji maelezo, anahitaji namba. Kiwiliwili cha kitabu kibaki katika mpangilio wa mifumo.

Kauli hiyo ya mwisho inahitaji kutetewa. Mtu anaweza kudai kwamba kama dalili ndiyo mwanzo, kitabu kizima kipangwe kwa dalili. Madai hayo yanakosea kwa sababu mbili. Kazi moja, kama kutoa upepo kwenye breki, hutibu dalili kadhaa. Ikirudiwa chini ya kila dalili, kitabu kitanenepa na marudio yatapingana toleo likibadilika. Pia mwanafunzi wa ufundi anahitaji kuuona mfumo ukiwa mzima. Anayejifunza kwa dalili peke yake hujua tiba nyingi bila kuijua gari, na siku dalili mpya itakapokuja hatakuwa na pa kuanzia.

Mpaka mwingine ni kwamba faharasa ya dalili inaweza kumpa msomaji uhakika usiostahili. Dalili moja ina sababu nyingi, na kitomeo kifupi hushawishi kuchukua ya kwanza. Dawa yake ni kuandika, mbele ya kila sababu, kipimo cha kuithibitisha kabla ya spana kushikwa.

8.0 Hitimisho

Makala yamehakiki mwongozo ambao katika kiwiliwili chake ni kazi makini, na yameonesha kwamba tatizo lake kwa fundi wa Mbinga na Nyasa liko kwenye milango. Mwongozo unamtaka msomaji ajue ungo ulioharibika, ajue jina lake la Kiingereza, na asome mwanzo wa sehemu ili aonywe. Msomaji wa haraka hana hata moja kati ya hayo. Tafsiri itakayobadili maneno na kuacha mpangilio itarithi kasoro zote tatu.

Kwa taaluma ya tafsiri na istilahi za Kiswahili, matokeo haya yanaashiria kwamba faharasa isichukuliwe kuwa kazi ya mwisho ya mchapishaji. Ni mahali ambapo sarufi ya Kiswahili, yenye viambishi, ukanushi na upatanisho wa ngeli, hukutana na haja ya mtu aliye na gari bovu mbele yake. Mfasiri aianze hapo kazi yake, kwa kuorodhesha kwanza vitenzi ambavyo madereva na mafundi huvitumia kuueleza ubovu wa gari.